Sumaku ya Mama wa Maabara

Mama wa maabara, ambaye mimi ni karani wake, hupima mawe ya jangwani, ambayo watu humletea wakidhani ni vimondo, kwa sumaku aliyoifunga kwenye uzi wa kushonea. Sumaku isipotikisika, hulifunga jiwe kwenye gazeti na kumrudishia mwenyewe polepole, kama anayekabidhi mtoto aliyelala. Jana dereva wa lori alileta jiwe jeusi alilokuwa akizuilia tairi. Sumaku ikalirukia. Mama akalikata, akachunguza kwa lenzi vipunje vyake vya mviringo, akaandika: kimondo cha mawe, chuma kingi. Kisha akavua miwani, akaliinamia.

"Shikamoo."

"Unaliamkia jiwe?" dereva akacheka.

"Limeizidi dunia umri."

Kicheko kikakatika. Dereva akavua kofia haraka. "Nisamehe, babu," akaliambia jiwe, "miaka miwili nimekukanyaga kwa lori."