Mkubwa wa Mlango wa Mahakama

Kwanza mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinaegemeana, na tahajia nayo si ya kuonyesha watu, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la saba kambini Kigoma, na tangu tuje Sydney mkono wangu umezoea maboksi kuliko kalamu. Ninaandika polepole. Hata kuongea ninaongea polepole, na nyumbani kwetu hakuna anayesubiri sentensi yangu ifike mwisho. Karatasi inasubiri.

Jambo lenyewe ni leseni yangu ya udereva. Nafanya kazi katika ghala moja Wetherill Park, na zamu yangu inaanza kabla basi la kwanza halijafika huko. Sisi tunakaa Doonside. Asiye na gari hana kazi ile, ndivyo ilivyo. Mimi nilikuwa bado na P nyekundu, ile alama inayobandikwa kwenye gari kuwaambia wengine kwamba dereva ni mgeni barabarani. Mwenye P nyekundu akizidisha mwendo hata kidogo, leseni inasimamishwa miezi mitatu. Nilizidisha kidogo. Polisi aliyenisimamisha alinitakia siku njema. Nchi hii ina adabu: barua iliyoninyang'anya leseni ndiyo iliyonifundisha pia namna ya kukata rufaa.

Hapo Baba akaingia kazini.

Baba yangu anaijua serikali. Kule mashariki mwa Kongo aliishi chini ya serikali kadhaa, nyingine hazikumaliza hata msimu wa maharage, na zote alizisoma kwa njia moja: kutazama nani amesimama mbele ya nani. Muda mfupi kabla ya barua yangu, jirani wa ghorofa ya chini alitolewa nyumbani kwake kwa amri ya mahakama. Walikuja watu wawili wenye sare, mgongoni wameandikwa SHERIFF, pamoja na fundi wa kufuli. Polisi nao walikuja, lakini wao walisimama nyuma, mmoja anachezea simu. Mama alishuka kumpelekea jirani chai. Baba alibaki dirishani akisoma serikali.

"Mumeona?" alituambia jioni. "Polisi iko nyuma. Sherifu iko mbele. Basi mukubwa wa hii inchi tumemujua."

"Wale wanatekeleza amri tu, Baba. Anayeamua ni hakimu."

"Wewe na Kiswahili chako cha Kigoma! Hakimu alikuwa wapi? Mimi nilimuona mwenye kubadili kufuli."

Siku ya rufaa Baba alivaa suti aliyomwozeshea dada yangu. Mama alibeba chupa ya chai na mandazi. Kwetu mtu haendi peke yake mbele ya serikali, nami sikuwa na ujasiri wa kuwaambia wabaki.

Mlangoni pa mahakama tulikuta sare ileile. Afisa alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Alituomba tutoe vitu mifukoni na tupite kwenye mashine. Baba alitoa kila kitu, hata kitana. Mashine iliponyamaza alipopita, alinitazama kama mtu aliyefaulu mtihani wa kwanza, akanyoosha koti, akainama mbele ya afisa, akaanza kusema. Alimshukuru kwa amani ya nchi. Alimshukuru kwa maji ya bomba. Alieleza kwamba mimi sinywi pombe, naimba kanisani ingawa kwa sauti ndogo, na kwamba kosa langu ni la mguu, si la moyo.

"Tafsiri," aliniambia.

Nikamwambia afisa kwa Kiingereza, "Baba anakusalimia."

"Mbona fupi?"

"Kiingereza ni lugha fupi, Baba."

"Basi ongeza. Mwambie aamue vizuri."

Hilo halikuwa na namna ya kufupishwa. Nililitafsiri huku nikitazama viatu vyangu. Afisa hakucheka. Kwa kuwa nyuma yetu hapakuwa na mtu, alituelezea kazi yake taratibu. Sherifu ni mmoja tu kwa jimbo zima, na yeye hajakutana naye ila kwenye picha. Chini yake wako wakubwa wa ngazi ngazi, kisha mainspekta, kisha masajini, kisha watu kama yeye. Wanalinda mahakama na waliomo ndani. Wanawaita raia wa kawaida waje kusikiliza kesi kubwa na kusema kama mshtakiwa ana hatia. Wanatekeleza amri: kushika mali ya mdaiwa, kumtoa mtu kwenye nyumba. Kuamua, hapana. Yeye hawezi kuamua hata saa yake ya chakula.

Baba alisikiliza tafsiri yote, mara hii nilimpa kamili. Akafikiri.

"Muulize: hakimu akikataa kutoka mule ndani, nani atamutoa?"

Afisa alikuna shingo. "Sijawahi kuliona hilo," alisema. "Lakini nadhani ni sisi."

"Basi," alisema Baba. Akakusanya kitana chake.

"Papa, twende, watu wamefika nyuma," Mama alimvuta. "Weye na wakubwa yako!"

Ndani, hakimu alikuwa mama mwenye miwani na joho jeusi, anayekunywa maji kwenye chupa ya plastiki. Kwaya yetu ina majoho meusi vilevile, na nadhani ndiyo sababu Baba hakumpa uzito. Nilipoitwa nilisimama mbele peke yangu. Nilikuwa nimekariri maneno usiku kucha na sasa sikulikumbuka hata moja. Wakati huohuo afisa wetu aliingia akasimama kando ya mlango, ilikuwa zamu yake kulinda chumba kile. Nilimsikia Baba akinong'ona, "Amekuja mwenyewe."

Kisha nikasikia kiti. Baba alikuwa amesimama katika safu ya nyuma, amempa hakimu mgongo, mkono kifuani, anarudia hotuba yake kwa afisa, tangu maji ya bomba. Afisa alikuwa mwekundu hadi masikioni, anaonyesha mbele kwa kidole kimoja.

"Bwana," alisema hakimu, "mimi niko huku."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Niliiona leseni yangu ikiondoka, na ghala, na kazi.

"Ni nani yule?" hakimu aliniuliza.

"Baba yangu."

"Anasema nini?"

"Anamwomba afisa anihurumie."

"Na wewe unasema nini?"

Nikasema. Nilisema kwamba mwendo niliuzidisha kweli. Nilisema kuhusu basi la kwanza, na kwamba kabla ya ghala humshusha Mama kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Nilisema kwa mwendo wangu, neno, kimya, neno. Hakimu alikuwa anaandika, na kwa uzito wa ulimi wangu alipata nafasi ya kuandika kila kitu. Hakunikatiza. Akasema sheria ni sheria, lakini miezi mitatu itakuwa mmoja.

Nje, Mama alinikumbatia huku mandazi yakimwagika. Baba alikuwa anampungia afisa mkono.

"Miwili ameikata sherifu," alisema. "Huu mmoja uliobaki ni wa yule mama wa kwaya."

Sasa Jumapili baada ya ibada watu wenye kesi wanamjia Baba, naye anawaelekeza: ukifika, usipoteze nguvu ndani, maliza mambo mlangoni.

Mimi nimo ndani ya mwezi wenyewe. Msimamizi wa ghala amesema bila ukali kwamba nikifika niko kazini, nisipofika atatafuta mwingine, na wengine wapo. Kwa siku za kwanza Mkongo mwenzangu wa ghalani alinipakia. Sasa amehamishiwa zamu ya jioni. Mama anapitiwa na mwenzake wa kazini. Baba anapendekeza tumwombe mukubwa gari.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma: kama kuna anayetoka upande wa Doonside alfajiri kwenda Wetherill Park na ana kiti kimoja kitupu, aniandikie, barua ampe yule aliyemletea karatasi hizi, itanifikia. Andikeni kabla ya Jumatatu. Petroli nitachangia, na njiani sitawasumbua kwa maneno.