Siku Mukamusoni Aliposhika Machela

Binti wa jirani yako anakufa mbele ya macho yako: utamsaidia, au utauliza kwanza kama mama yake ni mwanachama?

Kijijini kwetu Kanoni, mwaka 1986, waliuliza. Na baba yangu alikuwa amekaa pamoja nao.

Mukamusoni alikuwa mjane kutoka Rwanda, aliyeishi kwa kulima vibarua na kuchuma kahawa za watu. Hapakuwa na mtoto asiyemjua. Mimi, Placidius, aliniita mkwe wake. "Mkwe, umekonda! Binti yangu nitampa mwanamume wa kubebwa na upepo?" Watoto wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Adhuhuri ile hakutania mtu. Alikuja mbio mpaka kwa mzee Rwegoshora, mwenyekiti wa chama cha machela kilichobeba wagonjwa wa kijiji kwenda hospitali, ambako wanaume walikuwa wamekaa wakinywa rubisi, pombe ya ndizi. Kampire, binti yake, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana na mtoto hatoki. Mkwewe halisi, mume wa Kampire, alikuwa kibarua huko Kamuli. Hospitali ya Nyakahanga ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu.

"Mama Kampire," Rwegoshora alisema, "tulipombeba Telesfori, nani alishika mti wa machela kwa niaba ya nyumba yako?"

"Mume wangu yuko kaburini, mzee. Nimfukue?"

"Sheria ni sheria. Kila nyumba itoe mwanamume."

"Niliwapikia uji wabebaji. Kila safari!"

"Uji si bega."

Wengine walicheka. Baba yangu, Kashaija, alitazama kibuyu chake. Nilimsubiri aseme neno. Nilikuwa na miaka kumi, na mpaka siku ile niliamini baba haogopi kitu.

Mukamusoni hakulia. Aliingia ghalani mwa mwenyekiti, akatoka akiburuta machela ya chama, ile ya fito mbili na kitanda cha kamba katikati.

"Weka chini!" Rwegoshora aliruka. "Mwanamke hashiki machela. Ni mkosi!"

"Basi mkosi na uje. Nitakutana nao njiani."

Mama yangu, Anatolia, alikuwa amefika na jembe mkononi. Alilitupa, akashika upande wa pili. Baba alisema kwa sauti ya chini, "Mama Placidius, usinitie aibu."

"Aibu umeshajitia mwenyewe," mama alijibu. Sijawahi kumsikia akisema naye hivyo, kabla ya siku ile wala baadaye.

Jirani zetu Costansia na Eustadia wakaja. Wanawake wanne, ncha nne. Walimfuata Kampire nyumbani, wakamlaza akiwa ameuma kanga ili asipige kelele, wakashuka bondeni nusu mbio. Nilifuata na furushi la nguo za mtoto. Kwenye kivuko cha bwawani, Mukamusoni alikanyaga kisiki cha funjo lililokatwa. Kiliingia mguuni, maji yakawa mekundu.

"Tuweke chini kidogo," Eustadia alisihi.

"Tukiweka chini hatutainua tena. Twende!"

Ng'ambo mama alinipokonya furushi na kunirudisha nyumbani.

Jioni ile baba hakugusa chakula. Nami sikumsalimia. Nililala nikimchukia, na hilo nalisema wazi kwa sababu ni kweli. Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Nikajua: amekwenda kujificha shambani, asione machela ikirudi.

Kwetu machela ikirudi tupu, mgonjwa amepokelewa. Ikirudi na mzigo, watu huanza kuchimba kaburi.

Jua lilipokaribia utosini, mtu akapiga kelele kwamba wanakuja. Wote tulikimbilia kilimani. Machela ilikuwa na mzigo. Mtu amelala, amefunikwa kitenge. Rwegoshora alivua kofia, na wanaume wote wakavua zao.

"Kofia za nini?" Costansia alipaza sauti kutoka chini. "Ni mtoto wa kike! Wamempasua Kampire, yu hai, wamebaki hospitali!"

Aliyelala alikuwa Mukamusoni, mguu umefungwa bandeji mpaka gotini. Mbele walibeba Costansia na Eustadia. Nyuma alikuwa mama, na kando yake, suruali ikiwa na matope mpaka mapajani, baba yangu.

Rwegoshora alisogea haraka, akanyoosha mkono aushike mti.

"Shikamoo, mzee," baba alisema, na bila kupunguza mwendo akampita.