Mahat na Kesi ya Kondoo

Mahat alizaliwa Nanyuki, na kazi ya kununua na kuuza mifugo aliirithi kwa babake. Wakulima wa Timau walimwamini hata wakamwachia mazizi wazi wakiwa hawapo.

Safari hii mvua iliharibu njia ya shambani kwa Gikonyo, mkulima aliyemuuzia kondoo, lori likakwama na kondoo ndani mpaka kesho yake. Aliposimamishwa na polisi karibu na Nyeri, kibali chake cha kusafirisha mifugo kilikuwa kimeisha muda.

“Mzee, kibali yako iliisha jana,” alisema Ngendo, askari aliyekagua lori.

“Afande, tulikwama kwenye matope. Kondoo ni wale wale.”

“Sijasema umeiba. Nasema kibali imeisha. Utaeleza korti.”

Kondoo wakafungiwa nyuma ya kituo. Mahat akaachiliwa kwa dhamana, sharti afike kortini Jumanne. Maneno ya Ngendo yalikuwa wazi, lakini Mahat alirudi Nanyuki na neno moja tu masikioni: umeiba.

Habari zilikuwa zimemtangulia. Sokoni, watu walimpisha njia alipokaribia. “Ameshikwa na kondoo,” walinong’onezana, na kwa watu waliowahi kuamka wakakuta zizi tupu, maneno hayo yana maana moja tu. Alasiri Gikonyo akampigia simu.

“Mahat, ati umeshikwa na kondoo za watu?”

“Za watu gani? Si wewe mwenyewe uliniuzia?”

“Zangu najua. Hakukuwa na zingine?”

“Hakukuwa, wallahi.”

Simu ikakatika. Mahat hakujua kama ni mtandao au ni mtu.

Mkewe, Rowda, alimwekea chakula; Mahat akakimega kidogo na kukisukuma kando.

“Si ulisema ni kibali tu?” Rowda aliuliza.

“Ni kibali. Lakini wakinifunga, nani atauliza nilifungiwa nini?”

Jumanne, katika korti ya Nyeri, aliyetangulia kuitwa alikuwa kijana mwenye pingu, aliyeshtakiwa kuvunja zizi la jirani na kutoroka na ng’ombe. Alikana. Hakimu akaamuru arudishwe rumande, na mamake akaangua kilio huko nyuma. Mahat akawaza: yeye pia amekuja kwa kesi ya mifugo.

Kisha likaitwa jina lake. Karani akamsomea shtaka: kusafirisha kondoo kwa kibali kilichoisha.

“Ni kweli au si kweli?”

“Ni kweli, mheshimiwa. Lakini sikuiba!”

Hakimu, mama wa makamo, akainua macho. “Nani amekuambia umeiba? Mwizi wa mifugo hufungwa miaka mingi. Wewe umevunja sheria iliyowekwa ili magonjwa ya mifugo yasienezwe. Ni kosa, lakini ni dogo. Lipa faini, tafuta kibali kipya, uchukue kondoo wako.”

Mahat alishukuru mara mbili, hata karani akamwashiria atoke. Nje, alilipa faini, akaenda kutafuta kibali kipya.

Wiki iliyofuata alikwenda Timau kununua kondoo wengine. Gikonyo alimkaribisha chai, wakazungumza juu ya mvua na ngano.

“Ilikuwa kibali tu,” Mahat alisema hatimaye. “Nimetozwa faini, yakaisha.”

“Mimi nakuamini,” Gikonyo alijibu, akitazama kikombe chake. “Lakini kondoo, wacha kwanza majirani wanyamaze.”

Mahat alimshukuru. Alimaliza chai, akapanda lori lake tupu kuelekea shamba la pili, akijiuliza huko nako wameambiwa nini.