Sheria Iliyobandikwa Dirisha Namba Mbili

Tarehe 11 Machi 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, karani wa dirisha namba mbili alimpa mwalimu mstaafu faili la mbunge wake alisome. Jina la mwalimu, saa na sahihi vimo kwenye daftari la wageni. Aliyeandika ni karani mwenyewe.

Ofisini wanamwita Mama Muhuri. Kwa miaka kumi na minane amepokea fomu ambamo viongozi hutaja mali zao, akazigonga muhuri, akazifungia kabatini. Hakuna aliyekuja kuzisoma, maana sheria ilikataza. Kisha bunge likapitisha sheria mpya, rais akaitia sahihi mbele ya kamera, na kifungu cha tisa kikampa kila raia ruhusa ya kusoma. Mama Muhuri alikitolea nakala, akaibandika kwenye kioo.

Mwalimu alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Nyumba moja na ng'ombe wanane? Na ile hoteli yake, mama, ni ya hao ng'ombe?"

"Wewe soma tu, mwalimu. Mimi kazi yangu kabati."

Wiki hiyohiyo mwalimu alimuuliza mbunge swali lilelile kwenye mkutano wa hadhara. Watu walicheka. Mbunge hakucheka.

Siku ya tatu baada ya mkutano huo Mama Muhuri aliitwa na mkuu wake. Mezani ilikuwepo sheria mpya, imefunguliwa ukurasa wa mwisho, ambao Mama Muhuri hakuufikia aliposoma: itaanza kutumika siku ambayo waziri ataitangaza. Waziri alikuwa hajatangaza.

"Kwa hiyo ile ya zamani bado ipo?"

"Ipo, na umeivunja. Kutoa siri ya serikali. Miaka mitatu jela."

"Bosi, si wewe uliyenipa gundi?"

Mkuu akainamia simu yake.

Nyumbani mdogo wake alimfokea. "Dada, si ungemwambia arudi kesho, kama ofisi zote?"

"Nimewaambia watu hivyo maisha yangu yote. Siku ile nilidhani nina sheria."

Tangu hapo waziri ameisifia sheria hiyo kwenye mikutano miwili nje ya nchi. Tarehe ya kuanza hajaitaja. Mama Muhuri amesimamishwa kazi, na kioo cha dirisha namba mbili kimekwanguliwa.

Kesi yake itaanza kusikilizwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Upande wa mashtaka umeomba faili la mbunge lisionyeshwe mahakamani, kwa kuwa ni siri.