Mlango wa Kushoto

Nilianza kuufungua mlango ule saa saba mchana, mbele ya watu kumi na wawili, na wote walidhani natengeneza kioo.

Ilikuwa siku ya kumaliza kilio cha baba. Ndugu zake walikuwa wamefika asubuhi kutoka Tenke kuja kuchukua gari. Kwa hilo hatukuwa na ugomvi. Kwetu mtu akifa, vitu vyake vya kutumia vinarudi kwa ndugu zake: koti, saa, baiskeli, na kama alikuwa na gari, basi na gari. Ugomvi ulikuwa wa lupango, yaani kiwanja chetu na nyumba ya matofali ambayo mama yangu ameifagia tangu kabla sijazaliwa. Mdogo wake baba, ambaye sisi tunamwita tata mudogo, alilisema mbele ya wote, bukari, ugali wetu, ikiwa bado mdomoni:

"Lupango ni ya jamaa. Kama kaka yetu aliiandikisha ku jina ya muke wake, mutuonyeshe karatasi leo. Kama karatasi haiko, mwezi wa kesho tunatuma mutu wa kuikala humu."

Mama aliendelea kupakua chakula. Mimi nilijizuia kumjibu, na kwangu hiyo ni kazi nzito kuliko kufua mablanketi. Karatasi ilikuwepo, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la mama. Baba alituambia hivyo mara nyingi. Lakini alikufa ghafla, bila kusema ameiweka wapi. Alikuwa mtu wa kuficha. Wanasema mficha uchi hazai. Baba alizaa, tena watoto watano, ila kila alichokificha kilitutesa sisi. Tulikuwa tumetafuta chini ya magodoro, ndani ya Biblia, nyuma ya picha za ubatizo, hata kwenye ndoo ya unga. Kwenye gari pia tulitafuta, chini ya viti na chini ya tairi la akiba. Hakuna kitu.

Asubuhi ile nilipewa kazi ya kuliosha gari, kwa sababu kitu cha marehemu hakikabidhiwi kikiwa kichafu. Ni gari la Kijapani la zamani, usukani upande wa kulia kama mengi yanayotujia kupitia Zambia, limechoka lakini linakwenda. Nilipokuwa nafuta mlango wa kushoto kwa ndani, ule wa abiria, nikaona kitu nilichokuwa nakitazama miaka yote bila kukiangalia. Kwenye milango mingine, ubao wa ndani ulishikwa na vishikizo vya plastiki kama ulivyotoka kiwandani. Huu, juu ya hivyo, ulikuwa umezungushiwa skrubu za bati la paa, kumi na moja, na kingo zake zote zimepakwa gundi ya silikoni.

Siku zote nilidhani ni kwa ajili ya vumbi. Malori ya mgodi wa Mashamba yanapita barabara yetu, na wakati wa kiangazi kila mwenye gari Kolwezi anaziba kila tundu analoliona. Lakini kwa nini mlango mmoja tu? Na kwa nini baba alitukataza kukigusa kioo chake? "Kilikufa," alikuwa akisema. Nikashika mkono wa kuzungushia kioo, nikazungusha kidogo. Kioo kikashuka vizuri kabisa, mpaka katikati, halafu kikagota juu ya kitu laini.

Nilikirudisha juu haraka. Nikatazama huku na huku kama mwizi, na gari lilikuwa la baba yangu mwenyewe.

Kumwambia tata mudogo haikuwezekana. Angeingiza mkono wake kwanza, na karatasi ikishaingia mfuko wa mtu yule haitoki tena. Kungoja nako haikuwezekana, maana saa tisa gari lilikuwa linaondoka. Nikaenda kwake nikajishusha kama binti mwenye adabu, jambo ambalo wanaonijua wangelishtukia.

"Tata, kioo ya kushoto iko mubaya. Mvula itawalobesha mu njia. Niitengeneze kwanza?"

"Wewe? Mwanamuke na turnevisi?" Akaigiza mtu anayezungusha bisibisi, akawageukia wenzake wacheke, nao wakacheka. "Haya, tengeneza. Lakini saa tisa tunatoka. Mvula ikianguka, ile njia haipitike."

Sikuwa nababaisha. Baba alikuwa dereva, mimi ni mzaliwa wake wa kwanza, na wadogo zangu wa kiume wanaogopa grisi. Nilijua kuanzia wapi. Ila sikutegemea kwamba tata mudogo angebeba kiti chake cha plastiki na kuja kukaa hatua tatu kutoka mgongoni mwangu.

Nilianza na ule mkono wa kioo. Unashikwa kwa nyuma na kipini kilichopinda ambacho huwezi kukiona. Unapitisha kitambaa nyuma yake na kukivuta huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu, mpaka kipini kiruke. Kiliruka, kikaangukia majanini. Nikatoa skrubu za mahali pa kuegemeza mkono. Kisha nikazivamia zile kumi na moja. Sita zilitoka kwa kulalamika. Nne zilikuwa na kutu, nikazipaka mafuta ya kupikia, nikangoja, nikazibembeleza. Ya mwisho, ya chini kabisa, kichwa chake kilikuwa kimelika na bisibisi ikawa inazunguka bure.

"Inakatala?" tata mudogo akauliza.

"Itakubali."

"Haraka haraka haina baraka, mwana," akasema, huku akiangalia saa. Nilitamani kumtupia bisibisi. Nikashika koleo, nikakamata kile kichwa, nikakizungusha mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Kikatoka.

Ikabaki gundi. Nilichukua kisu nikaanza kuikata pembeni, taratibu, kwa sababu sikujua upande wa pili kisu kinagusa nini. Kila nilipokisukuma niliona akilini karatasi ikichanika. Ubao haukutikisika. Jasho liliniingia machoni. Saa nane ilikuwa imepita, na upande wa ziwa la Nzilo mawingu yalikuwa yamekuwa meusi. Ndugu wawili wa baba walikuwa wameanza kupakia mikeka.

Mama akatoka jikoni. Alivaa kitenge cheusi, na mkononi alikuwa na mwiko wa bukari, ule mpana.

"Acha kisu. Itapasua," akaniambia. "Kamata hii."

Sikuwa nimemwambia neno. Tulitazamana, naye akarudi kwenye moto wake. Nikauingiza mwiko kwenye ufa nilioukata, nikakandamiza. Vishikizo vya ndani vikaanza kukatika kimoja kimoja. Kila kimoja kilipolia, kiti cha nyuma yangu kilisogea.

"Lete nikusaidie," tata mudogo akasema. Kabla sijajibu alikuwa ameshika pembe ya juu. Nikasema hapana, tata, utajichafua, lakini alikwisha vuta. Mimi nikasukuma kutoka chini kwa hofu tupu, nikitaka uachie upande wangu kwanza. Ubao ukatoka wote kwa mpigo.

Na maji yakamwagika.

Yalikuwa maji mengi, ya rangi ya chai, yakamjaa tata mudogo kwenye viatu vyake vya kanisani. Aliruka nyuma akitukana. Hapo nikapata nafasi. Nikaingiza mkono ndani ya mlango mpaka kwenye kiwiko, bati likanikwangua, nikagusa mfuko wa plastiki na kuuchomoa.

Nilielewa kabla sijautazama vizuri. Chini ya mlango wa gari kuna matundu madogo, ili maji ya mvua yanayopenya kando ya kioo yapate pa kutokea. Baba alikuwa ameyaziba yote kwa silikoni ileile. Ni kosa la mtu wa Kolwezi: vumbi tunaliogopa miezi sita, mpaka tunasahau kwamba miezi sita mingine ni ya mvua. Mfuko ulikuwa wa sukari, umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na mpira ulikuwa umekatika. Kwa nje niliona muhuri wa bluu umesambaa kama doa la wino. Kwa vidole nilihisi uji.

Nilimchukia baba wakati ule. Nasema wazi kwa sababu ni kweli. Alikuwa ametuwekea nyumba yetu ndani ya ndoo.

"Njo yenyewe?" tata mudogo akauliza, yaani, ndiyo karatasi ile? Watu wote walikuwa wamesimama.

"Njo yenyewe, tata." Niliinua mfuko juu kidogo, upande wa muhuri.

"Fungua tuone."

Nilisimama na mkono juu, damu na maji vikinitiririka kuelekea kwapani, nikitafuta uongo wowote na sikuupata.

Ndipo mama alipopiga yowe. Alitoka jikoni mikono kichwani, akamwita baba kwa majina yake yote, akaanguka magoti kwenye tope kando ya gari. Wanawake wakamkimbilia, wakaanza kulia naye. Wanaume wakavua kofia. Kwetu, mjane akilia siku ya kumaliza kilio, maneno ya vitu yanakatwa hapo hapo. Anayeendelea kudai anaonekana alikuwa anakingoja kifo cha ndugu yake, na sifa hiyo humfuata mtu mpaka kanisani.

Shangazi, dada yao mkubwa, aliyekuwa hajasema lolote tangu asubuhi, akamgeukia.

"Karatasi imeonekana. Unataka nini ingine? Acha muke ya kaka yako alie."

Akanitazama mimi na mfuko wangu, muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nikauingiza ndani ya kitenge.

"Sawa," tata mudogo akasema hatimaye. "Mama abakie."

Niliurudisha ubao kwa skrubu nne tu. Saa tisa na dakika chache gari lilitoka, mlango wa kushoto ukigongagonga.

Tangu siku ile nimekwenda ofisi ya viwanja mara sita kuomba nakala. Daftari lipo, wananiambia, linatafutwa. Hakuna mtu wa Tenke aliyekuja kukaa kwetu.

Lakini jioni ile sikujua hayo. Niliingia chumbani kwa mama, nikafunga mlango, nikatoa mfuko. Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati. Nilikuwa nimepanga namna ya kumwambia polepole, kwa sababu niliogopa moyo wake.

"Mama, karatasi..."

"Minajua. Niliona maji inatoka mu ile mufuko kabla wewe uone."

Nilimkodolea macho. "Njo maana ulilia?"

"Ulitaka nifanye nini? Nikamate turnevisi?"

Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Aliuchukua mfuko, akauweka mapajani, akaukamua taratibu kwa mikono miwili mpaka maji yakalowesha kitenge chake.

"Ile kilio ya mchana ilikuwa ya lupango," akasema. "Ya bwana yangu njo hii."

Akaanza kulia, kwa sauti ndogo ambayo hata jirani asingeisikia.