Sala Iliyojibiwa Nusu

Asubuhi moja, kabla mambo hayajaharibika, niliamka na hasira kwa sababu ya samaki. Dada yangu alikuwa amenitumia samaki wakavu kutoka Kinkondja, nikawaficha juu ya kabati kwa ajili ya wageni wa Jumapili, na mume wangu Ilunga akawapata. Nilimgombeza mpaka mlangoni. Yeye alikuwa anacheka huku bado anatafuna. Kasongo, rafiki yake, alikuwa anamngoja nje ili waende kazini pamoja, na mke wa Kasongo, Elizabeti, aliniita kutoka upande wa pili wa ukuta:

"Mama Ngoie, muache! Mwizi wa samaki anabebaka reli muzuri!"

Tulikuwa tunakaa kambi ya reli, hapa Kamina, nyumba za matofali zilizoshikana mbilimbili. Ukuta wetu na wa Elizabeti ulikuwa mmoja. Akikohoa, nasikia. Mimi ni Mluba wa vijiji vya karibu, yeye watu wake walitoka Kasai, na tulikuwa tunasikilizana kwa Kiswahili cha reli, ambacho hakuna mama aliyetufundisha.

Lazima nieleze waume zetu walivyokuwa wanafanya kazi, maana bila hilo hutaelewa mengine. Reli moja ya chuma hubebwa na wanaume wengi, mstari huku na mstari kule, chuma katikati juu ya mabega. Wa mstari mmoja hubeba kwa bega la kuume, wa mstari wa pili kwa bega la kushoto. Siku mtu anaandikwa kazi, kapita, msimamizi wa kazi, humwonyesha kwa kidole: weye huku, weye kule. Ikishakuwa hivyo habadilishi tena, kwa sababu aliyezoea upande mmoja akihamishwa hukosea hatua, na chuma kikianguka kinakula miguu ya wote. Baada ya mwaka mmoja kila mwanaume ana sugu begani, nene na nyeusi, bega moja tu. Lile jingine linabaki laini. Kasongo alikuwa wa kuume. Ilunga wangu alikuwa wa kushoto. Sisi wake zao tulikuwa na utani wetu kuhusu nani alale upande gani wa kitanda ili asikwaruzwe, lakini utani huo haufai kuandikwa.

Vita ya Wazungu ilikuwa bado inaendelea huko mbali. Kwetu ilikuwa ni kazi nyingi tu, treni za shaba zisizokwisha, na mpira ambao watu wa vijijini walilazimishwa kuugema porini. Kisha habari zikashuka na treni: askari wa kambi moja upande wa Kasai wamewaasi wakubwa wao. Wengine walisema wamekataa kudungwa sindano, wakidhani ni sumu. Wengine walisema wamechoka kutukanwa. Sijui. Najua kwamba wake wa Wazungu waliondoka na treni ya kwenda kusini, kisha mkubwa wa reli naye akaondoka, akituambia tusiogope. Mtu anayepanda treni akikuambia usiogope, anza kufunga mizigo.

Tungefunga mizigo twende wapi? Tulibaki.

Wale askari walioasi walipita wakifuata reli. Hawakutuua. Walichukua kuku, unga, na nguo zilizoanikwa. Shati la Ilunga la Jumapili lilikwenda hivyo, na suruali mbili za Kasongo. Asubuhi yake tukakuta nguo za jeshi zimetupwa kwenye majani marefu nyuma ya vyoo vyetu. Walikuwa wamejivua uaskari wao hapo na kwenda zao wakiwa watu wa kawaida.

Ilunga alisema tuzichome. Kasongo akasema moshi utaonekana. Walikuwa bado wanabishana treni ilipoingia.

Ilileta askari wengine, wa serikali.

Walizikuta zile nguo kabla hawajafika mlango wa kwanza, wakadhani wenyewe wamejificha kati yetu.

Wanaume wote wa kambi walikusanywa kwenye uwanja wa mpira. Wanawake tuliwekwa kando, chini, kwenye matope, maana mvua ilikuwa imenyesha. Wanaume waliambiwa wavue mashati. Hatukuelewa kwa nini.

Elizabeti alinisogelea tukapiga magoti. Rozari yake ilikuwa imebaki nyumbani, yangu nilikuwa nayo shingoni. Tukaishika pamoja, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule. Mkatoliki anajua rozari inavyosaliwa na watu wawili: mmoja anaanza Salamu Maria, mwenzake anaimalizia. Mimi nilianza, yeye akamalizia. Nusu yangu, nusu yake, punje baada ya punje. Sikuwahi kusali hivyo kabla, na sijasali hivyo tena. Nilikuwa naomba kwa meno.

Sajini alianza kupita mbele ya wanaume. Alikuwa Mwafrika kama sisi, mtu mzima, mwenye uso wa mtu asiyelala. Kwa kila mmoja alifanya jambo moja tu. Aliweka kidole gumba kwenye bega la kuume, akabonyeza.

Akafika kwa Kasongo. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Hii iko alama ya bunduki. Askari anabebaka bunduki ku bega hii."

"Hapana, sajini," Kasongo akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Minyi niko mutu wa reli. Tunabebaka reli. Hii iko alama ya reli."

"Bote munabebaka reli?"

"Bote."

Sajini akamshika Ilunga, aliyesimama kando yake, akamvuta mbele. Akapitisha kidole kwenye bega lake la kuume.

"Na huyu? Bega yake iko safi sawa ya mutoto. Huyu habebaki reli?"

Ilunga akageuka kuonyesha bega la pili. "Sajini, minyi njo wa kushoto, ye njo wa—"

Kitako cha bunduki kilimpata mdomoni. Akaanguka. Alipoinuka, alitema meno, na hakusema tena.

Ukiwauliza watu wa reli leo, kila mmoja atakueleza jambo la kulia na kushoto, hata mtoto. Lakini pale uwanjani hakukuwa na mtu wa reli ambaye sajini angemwamini. Mkubwa alikuwa amepanda treni, kapita alikuwa amekimbilia porini. Na kwa mtu asiyejua kazi yetu, maneno ya Kasongo yalikuwa uongo uliojionyesha wenyewe: wote wanabeba reli, mbona nusu hawana alama?

Waliwatenga wote wa kuume.

Mimi na Elizabeti bado tulikuwa tunasali. Nataka jambo hilo lieleweke. Mume wake alikuwa ameshavutwa upande ule, wangu alikuwa amebaki upande huu, na midomo yetu ilikuwa bado inakwenda. Mimi naanza, yeye anamaliza.

Waliwaingiza kwenye behewa la kufungwa, lile la kubebea unga. Kasongo hakupiga kelele. Alikuwa anaangalia bega lake kama mtu anayeangalia kidonda asichokumbuka kilivyoingia. Mlango ukasukumwa. Treni ikarudi ilikotoka.

Kasongo hakurudi. Hakuna aliyerudi. Hakuna ofisi iliyosema wamekufa, wala iliyosema wako hai. Mkubwa wa reli aliporudi kutoka kusini alisikitika, akasema ni makosa, akaandika mahali fulani, akaajiri wanaume wengine wa kuume. Elizabeti hakuweza hata kuweka matanga, maana utamlilia vipi mtu ambaye hujui kama amekufa? Alikaa na watoto wake watatu upande wa pili wa ukuta, na mimi nikawa namsikia.

Sasa nifike kwenye lile watu wanalonilaumu.

Kesho yake watu walianza kuja kwangu. Walipita wakinyamaza mlangoni kwa Elizabeti, kisha wakaingia kwangu wanatabasamu. "Mama Ngoie, Mungu anakujibu." Mke wa mwalimu alinikumbatia. Mama mmoja akataka nimwonyeshe ile rozari. Ilunga mwenyewe, mdomo umevimba, aliniambia kwa kunong'ona: "Sala yako njo inaniokoa." Nilimwangalia mtu niliyekuwa nimemwomba kwa meno, yuko hai mbele yangu, na nikahisi baridi.

Maana sala ilikuwa moja. Ningeelewa kama Mungu hakutusikia sote wawili. Bibi yangu alikuwa anamwita Vidye, na hakutegemea kwamba Vidye atashuka kuangalia mambo ya uwanja wa mpira. Ningeelewa hata kama hasikii kabisa. Lakini kusikia kipande changu cha Salamu Maria na kuacha kipande cha Elizabeti, sala moja, rozari moja, matope yaleyale chini ya magoti? Kama alifanya hivyo, simtaki. Na kama hakufanya, basi kilichomwokoa Ilunga ni kidole cha kapita siku ya kuandikwa kazi. Nimegeuzageuza jambo hili miaka mingi, nikipika, nikifua, nikitembea. Sijapata mlango wa tatu.

Nilikwenda kwa padri. Alikuwa Mzungu mzee mwema, na hakukimbia siku zile, hilo namkubalia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kazi ya Mungu haina makosa.

"Mompe," nikamwambia, kama tulivyowaita mapadri, "basi hata ya kapita haina."

Alidhani namtukana. Labda nilikuwa namtukana.

Niliacha kwenda kanisani. Haikuwa kwa siku moja. Kwanza nilikwenda nikasimama nyuma, kisha nje, kisha nikawa nafika mpaka kwenye miti nikageuka. Jumapili ikawa siku mbaya kwangu. Kambi nzima iko kanisani, mimi miguu inaniwasha, siwezi kukaa, siwezi kulala. Nilikuwa nafuata reli mpaka daraja na kurudi. Watu walisema nina pepo. Wengine wakasema nimekuwa mchawi, maana mchawi ndiye anayeogopa kanisa. Mama yangu mzazi alikuja kutoka kijijini kunililia. Nililia naye, kwa sababu nilikuwa nimepoteza kitu nilichokipenda. Wanaosema kutoamini ni kiburi hawajui. Mimi nilikipenda kile kitu. Nilipenda nyimbo, nilipenda kuwa na mtu wa kumwambia habari zangu nikiwa peke yangu jikoni. Jiko likawa kimya.

Ilunga yeye alizidi. Kila mwaka, msimu ule wa mvua ukifika, alitoa Misa ya shukrani. Alisimama mbele ya watu na mapengo yake na kumshukuru Mungu kwa kumtoa mikononi mwa mauti. Na kila mwaka Elizabeti alikuwa kwenye benchi, anasikiliza.

Mwaka mmoja nilimshika mlangoni asiende.

"Shukuru hapa ndani," nikasema. "Usishukuru mbele ya ule mwanamke."

Alikaa kitini. "Mama Ngoie," akasema, "ulitaka minyi njo nikufe?"

"Hapana."

"Basi uniache nimushukuru mutu. Nisiposhukuru, ile siku nitaibeba namna gani?"

Nikamwachilia. Nilielewa siku hiyo kwamba yule aliyejaribu kusema la kushoto akapigwa, kisha akanyamaza, alikuwa bado amesimama pale uwanjani. Misa ilimsaidia kusimama. Lakini sikwenda naye, na tuliishi hivyo, mtu na mkewe, tukipendana na kuogopana siku ya Jumapili.

Niliyemngoja ni Elizabeti. Nilikuwa na hakika kwamba siku moja atatoka kwenye benchi lile na kuja upande wangu, maana kama kuna mtu Kamina mwenye sababu, ni yeye. Hakukosa Misa hata moja. Alikuwa anatoka nyumbani mapema, kitambaa kimefungwa vizuri, anapita mbele ya mlango wangu na kunisalimu. Hilo lilinikera kuliko maneno ya watu wote.

Jumapili moja, watoto wake wameshakua, nilishindwa kunyamaza. Alinikuta kwenye reli, mimi narudi kutoka daraja, yeye anakwenda. Nikamwambia yote: sala moja, rozari moja, kidole cha kapita. Nikamwambia, "Dada, kule juu hakuna mutu. Weye na minyi tulikuwa tunasemea hewa."

Alinisikiliza bila kukasirika. Alikuwa ameshazeeka usoni, mapema kuliko mimi.

"Minyi najua hesabu yako," akasema. "Niliifanya kabla yako. Ni ile siku ile ile, ku matope."

"Sasa kwa nini unaenda?"

"Weye, bwana yako anarudia ku nyumba. Unaweza kukaa bila Mungu." Akarekebisha kitambaa chake. "Minyi, kama Mungu haiko, nitauliza nani Kasongo iko wapi? Serikali? Reli? Bote banakataa. Anabakia ye moja. Niko namuuliza kila siku ya Mungu, na siku tutaonana uso kwa uso, atanijibu. Usininyang'anye ule wa mwisho."

Kengele ikalia, akaenda.

Nilisimama pale kwenye mataruma nikihisi aibu. Nilikuwa nimedhani kutoamini kwangu ni jambo nililolifanya kwa ajili yake. Kumbe hata hilo niliweza kulifanya kwa sababu Ilunga alikuwa nyumbani, analalamika chakula kimechelewa.

Sijaanza kuamini tena. Nimejaribu, kwa heshima yake, na haiji. Lakini tangu hapo sijamwambia mtu yeyote aache kusali. Jumapili miguu inaponiwasha sitembei tena mpaka daraja. Napita upande wa pili wa ukuta, nakaa jikoni kwa Elizabeti, naangalia chungu chake cha maharage kisiungue, ili yeye aende akaulize.