Kome Waliofunga Magamba

Baba mdogo alijua ng'ombe, na kwa kuwa alijua ng'ombe, aliamini anajua kila chenye uhai. Nilipowaleta nyumbani Nyanungu kome, wale wa magamba mawili kama chaza, niliowaokota Mto Mara, aliwatangazia majirani kwamba chuo kikuu nasomea konokono. Alicheka sana, peke yake.

Kome wale ndio waliokuwa shahada yangu. Niliwagawa kwenye mabeseni mawili, moja kivulini na jingine juani, nione miili yao inavyohimili joto. Maji yakipata moto, hewa ndani yake hupungua. Kome hufunga gamba, hupunguza mapigo ya moyo, akaishi kwa akiba ya mwilini bila hewa. Asidi ikimzidi, huyeyusha kidogo gamba lake mwenyewe ili kuituliza. Hana hata kichwa, lakini anajua kunyamaza kuliko wazee wengi niliowaamkia.

Siku moja kipimajoto changu kilivunjika, nikaenda Tarime mjini kununua kingine. Niliporudi, nilimkuta baba mdogo uani, kifua mbele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekutolea mizoga. Walikuwa wamejifunga kabisa, unagonga, kimya! Nimewatupa jaani. Hawa wanaopumua nimekuwekea pamoja hapa kivulini. Ona walivyofungua midomo."

Niliona. Waliofungua midomo ndio waliokufa, maana kome akifa msuli hulegea na gamba huachama, na walishaanza kunuka. Umri wote ule wa kuchungulia ng'ombe midomoni, na bado pua haikumwambia kitu! Nilimdharau kwa moyo wangu wote, na sikujisumbua kuficha.

Nilipiga magoti jaani, kwenye majivu na samadi, nikawaokota waliojifunga mmoja mmoja na kuwatia kwenye maji baridi. Kufikia jioni wengi walikuwa wamefungua ufa mdogo, wazima. Lakini nani alitoka juani, nani kivulini? Nilikuwa nimeandika alama kwenye mabeseni, si kwenye magamba. Kazi ya mwaka mzima ikawa ya kurudiwa.

Baba mdogo alichuchumaa kando yangu. "Kumbe wazima," alisema. "Sasa mbona hukuniambia?"

Alikuwa ameniuliza. Siku ya kwanza kabisa alichuchumaa palepale akataka kujua wanaishije na jua lile. Nami nilimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari: "Baba, hata nikikueleza hutaelewa."